Vasco da Gama: Mpimeni kwa Safari ya Kurudi

Wengi wetu tulimjua Vasco da Gama kwa sentensi moja ya ubaoni: Mreno aliyegundua njia ya bahari ya kwenda India, mwaka 1498. Tuliinakili, tukaikariri, ikaja kwenye mtihani, tukapata alama. Sikumbuki mwenzetu hata mmoja aliyenyoosha mkono kuuliza njia hiyo ilikuwa imepotelea wapi hata ikahitaji mtu wa kuigundua. Siku Mreno huyo anatia nanga Malindi, vyombo vinne vya Wahindi vilikuwa vimelala bandarini humo humo.

Lakini sikuja kuandika makala nyingine ya "hakugundua kitu". Zimeandikwa nyingi, zina ukweli, na zimeshatuchosha. Tena zina kasoro moja: zinamvua Da Gama sifa ya ugunduzi, halafu zinamwachia ile ya ubaharia kana kwamba hiyo haina ubishi. Ubishi wangu uko hapo hapo. Nataka mtu huyu tumpime kwa mizani ya watu wa baharini, na mizani hiyo tunaipata kwenye shajara ya msafara wake mwenyewe, iliyoandikwa na mmoja wa watu wake ambaye wengi humtaja kuwa Álvaro Velho.

Chukua safari mbili, zote zake, katika bahari ileile na kwa merikebu zilezile. Kwenda: aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, wakakaa siku 23 bila kuona nchi kavu, kisha milima ya India ikatokeza. Tarehe 20 Mei walikuwa mbele ya Calicut. Kurudi: waliondoka kisiwa cha Anjediva, kusini ya Goa, tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo, na pwani ya Afrika hawakuiona mpaka tarehe 2 Januari 1499, walipotokea Mogadishu. Mwandishi wa shajara amehesabu: miezi mitatu kasoro siku tatu. Watu 30 walikufa humo njiani.

Siku 23 na karibu siku 90. Bahari haikupanuka. Wakati wa kwenda aliondoka baada ya kupewa rubani na wenye bahari yao, msimu ulipomfaa. Wakati wa kurudi aliondoka siku aliyojichagulia mwenyewe.

Nitarudi kwenye tofauti hiyo. Kwanza nimpe haki yake, maana anayo.

Tarehe 8 Julai 1497 alitoka Lisbon na merikebu nne na watu wapatao 170. Miaka tisa nyuma, 1488, Mreno mwenzake Bartolomeu Dias alikuwa ameshaizunguka ncha ya kusini ya Afrika, kwa hiyo njia ya kufika huko haikuwa ngeni kabisa. Jipya lilikuwa lile duara kubwa. Badala ya kung'ang'ania pwani ya Afrika na kupigana na mikondo na pepo za mbele, msafara ulipofika visiwa vya Cape Verde ulijitupa katikati ya Atlantiki, ukaenda mbali magharibi na kusini kutafuta upepo wa kuwarudisha mashariki. Waliondoka visiwani mapema Agosti, na nchi kavu hawakuiona tena mpaka mapema Novemba. Miezi mitatu ya maji matupu! Columbus, ambaye dunia nzima inamwimba, kutoka visiwa vya Kanari mpaka alipoona nchi alitumia majuma matano tu. Kwa Mzungu wa zama zile, safari ya Da Gama katika Atlantiki ilikuwa jambo zito, na anayelibeza hajawahi kulala usiku mmoja ndani ya jahazi kukiwa na bahari chafu.

Hata hivyo angalia nani alikuwa akiishika njia. Da Gama alikuwa mtoto wa ukoo wa makabaila kutoka mji mdogo wa Sines, aliyeteuliwa na mfalme Manuel awe amiri wa msafara. Rubani wa merikebu yake, São Gabriel, alikuwa Pêro de Alenquer, yule yule aliyekwenda na Dias. Kaka yake, Paulo da Gama, aliongoza São Rafael. Nicolau Coelho aliongoza Berrio. Kazi ya amiri ilikuwa kuamrisha, kutisha, kupatana na kuhakikisha watu hawaasi. Kazi hiyo aliiweza sana. Kusoma maji ilikuwa kazi ya wengine, na alipoingia katika bahari yetu Pêro de Alenquer naye akawa mgeni.

Hapo ndipo hadithi inapoanza kunoga, na kutia uchungu.

Machi 1498 walifika Kisiwa cha Msumbiji. Watu wa hapo walidhani ni Waturuki, wakapokewa vizuri. Da Gama akatoa zawadi zake, vikofia na shanga, na shehe akazitazama kwa dharau, akauliza kama hawana kitambaa chekundu cha maana. Hawakuwa nacho. Baada ya muda ikajulikana kwamba hawa si Waislamu, maelewano yakavunjika, na msafara ukaondoka baada ya kuupiga mji kwa mizinga. Ndani ya merikebu walikuwamo marubani waliopatikana hapo hapo. Mmoja wao, siku chache baadaye, alisema visiwa fulani ni bara. Ilipobainika ni visiwa, akachapwa viboko, na Wareno wakakiita kimoja Ilha do Açoutado, Kisiwa cha Mchapwa Viboko. Sehemu za pwani hii zimepewa majina ya watakatifu, nyingine ya wafalme. Hiki kilipewa jina la mgongo wa rubani.

Mombasa walifika tarehe 7 Aprili. Da Gama alikuwa na watu wawili mikononi mwake, akataka waseme kama kuna njama. Alivyowauliza imeandikwa na mtu wake mwenyewe bila haya: aliwadondoshea mafuta ya moto mwilini. Wakasema ndiyo, imeamriwa Wareno wakamatwe wakiingia bandarini, kulipiza yale waliyoyatenda Msumbiji. Usiku huo waogeleaji wakaja kimya kimya na kuanza kuikata kamba ya nanga ya Berrio. Vitabu vya zamani vilipenda kusimulia kisa hiki kama ushahidi wa hila za Mombasa. Mimi nikikisoma naona mji uliopata habari mapema. Pwani hii habari zilikwenda kwa kasi ya upepo, na mizinga ya Msumbiji ilikuwa imeshasikika.

Hebu sasa tufike Malindi, maana Malindi ndiyo roho ya jambo.

Walifika tarehe 14 Aprili, mkesha wa Pasaka, wakiwa na mateka waliowapora baharini siku ile ile kutoka kwenye chombo kilichokuwa kikijipitia na safari yake. Mwandishi wa shajara aliutazama mji na kuufananisha na Alcochete, mji wa kwao kando ya mto Tejo: nyumba ndefu zilizopakwa chokaa vizuri, madirisha mengi, minazi nyuma yake, mashamba ya nafaka na mboga pembeni. Hakuandika habari za vibanda wala watu wa msituni. Aliona mji wa watu wanaojiweza, na akasema hivyo.

Da Gama alikataa kushuka nchi kavu, basi mfalme akamfuata kwa mashua. Alivaa joho la hariri ya thamani lenye mapambo ya kijani, kilemba cha fahari kichwani, akakalia viti viwili vya shaba vyenye mito, juu yake mwavuli mwekundu wa atilasi. Pamoja naye walikuwapo wapiga tarumbeta, na mabaragumu mawili ya pembe za ndovu, yamechongwa kwa ustadi, marefu kama kimo cha mtu, yanayopulizwa kwa tundu la ubavuni. Msomaji wa Pwani hapa anatabasamu. Mreno yule alikuwa akiieleza siwa, na jina lake halijui. Siwa ya Pate, ya pembe, na ya Lamu, ya shaba, zimehifadhiwa mpaka leo, na tundu lake liko ubavuni vile vile.

Kwa nini Malindi ilimpokea mtu ambaye Mombasa ilimkatia kamba? Wapo wanaojibu kwa neno moja: usaliti. Nimelisikia barazani mara nyingi, hasa kwa watu wa Mombasa, na sishangai. Naliona ni jibu la haraka mno. Malindi na Mombasa walikuwa washindani wa siku nyingi, na Mombasa ilikuwa na nguvu zaidi. Mfalme wa Malindi aliona wageni wenye mizinga wanaohitaji rafiki. Alifanya hesabu ya mtawala mdogo mwenye jirani mkubwa. Mji wake ulikuwa umezoea wageni wa mbali: mwaka 1415 ulipeleka twiga mpaka China, na miaka michache baadaye merikebu za Zheng He, amiri wa China, zikafika hapo, zikafanya shughuli zao, zikaondoka. Angejuaje kwamba hawa wa safari hii hawakukusudia kuondoka?

Hesabu yenyewe ilikuja kumgeuka, lakini baada ya karne nzima. Wareno walipoipata Mombasa walihama Malindi, wakaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na ukoo wa Malindi wakauhamishia huko utawale chini ya kivuli chao. Mtoto wa ukoo huo, Yusuf bin Hasan, waliyemlea Goa na kumbatiza Jerónimo, ndiye aliyeingia ndani ya Fort Jesus Agosti 1631 na kumuua kapteni wao. Lakini hiyo ina makala yake.

Turudi kwa rubani. Tunapenda kusimulia kwamba mfalme wa Malindi alimpa Da Gama rubani kwa ukarimu. Shajara haisemi hivyo. Siku zilipita kwa ngoma, maonyesho na salamu, na rubani aliyeahidiwa haji. Tarehe 22 Aprili mtu wa karibu wa mfalme alipanda merikebuni, na Da Gama akamshika, akamweka rehani, akatuma ujumbe ufukweni: nileteeni rubani. Rubani akaletwa, yule bwana akaachiwa, na tarehe 24 wakaondoka kuelekea India. Kwa hiyo ile "njia iliyogunduliwa" ilipatikana kwa kumkamata mgeni wako. Hata kwa desturi za bandari za zama zile, ambazo hazikuwa za malaika, hilo halikuwa jambo la kujivunia.

Na rubani huyo ni nani? Hapa inabidi tujikune na sisi wenyewe, maana uzushi hauko upande mmoja tu. Kwa muda mrefu imesemwa kwamba alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa Julfar katika Ghuba, mwandishi wa vitabu vya elimu ya bahari. Jina hilo linapendeza: bingwa mkubwa wa Waarabu anamwongoza bingwa mkubwa wa Wareno. Chanzo chake ni mwanahistoria wa karne ya 16, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika miongo mingi baada ya tukio, na kuongeza kwamba baharia huyo alileweshwa ndipo akatoa siri. Mwanazuoni wa Kifaransa Gabriel Ferrand akaishadidia hadithi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, ikaenea mpaka kwenye vitabu vya shule. Watafiti waliozisoma kazi za Ibn Majid kwa makini baadaye waliikataa, na nadhani wana haki. Mwaka 1498 alikuwa mzee, na Wareno wenyewe hawamtaji.

Shajara inamwita rubani "Mkristo", lakini wasafiri hawa walimwita Mkristo kila mtu wa India asiyekuwa Mwislamu. Calicut waliingia hekalu la Kihindu wakasali wakidhani ni kanisa. Mwanahistoria wa Kireno João de Barros anasema alikuwa Mwislamu wa Gujarat aitwaye Malemo Cana. Wengine wanaandika Canaqua. Sasa litamke hilo Malemo taratibu. Ni mwalimu. Katika lugha ya vyombo vyetu, nahodha ndiye mwenye amri na mwalimu ndiye anayejua njia, anayesoma nyota na kuhesabu siku. Na hilo Canaqua, wataalamu wanalihusisha na neno la Kihindi lenye maana ya mnajimu. Kumbe tulichorithishwa kama jina la mtu ni cheo chake, kimetajwa mara mbili kwa lugha mbili: Mwalimu Mnajimu. Wareno walisikia watu wakimwita mwalimu, wakaandika kana kwamba ndivyo alivyoitwa na mama yake.

Barros anasimulia kitu kingine ninachokipenda. Da Gama alimwonyesha mwalimu huyu astrolabu zake, ya mbao na za metali, akitegemea mtu ashangae. Mwalimu hakushangaa. Akasema marubani wa Bahari ya Shamu wanavyo vyombo vyao vya shaba vya kupimia jua na nyota, na yeye na wenzake wa Cambay, bandari ya Gujarat, wanatumia chombo kingine, cha vibao. Ni kile kibao unachokishika mbele ya jicho, uzi wake wa mafundo ukiuma kwa meno, ukalinganisha upeo wa bahari na nyota uliyoikusudia. Vilevile alikuwa na ramani ya pwani ya India. Naona picha nzima ya karne hiyo katika tukio hilo dogo: mmoja anatoa chombo chake kwa mbwembwe, mwingine anakitazama kwa adabu.

Mwalimu alijua pia lililo kubwa kuliko nyota, nalo ni msimu. Kila mtoto wa Pwani analijua. Kaskazi inavuma toka Desemba hadi Machi, ikileta vyombo kutoka Arabuni na India. Aprili upepo unageuka, kusi inaanza, na vyombo vinarudi kwao. Katikati ya kusi, Juni na Julai, bahari ya India ni hatari na wenye akili wanakaa bandarini. Kati ya msimu na msimu kuna malelezi, upepo haujui unakotoka, tanga linaning'inia. Kuondoka Malindi mwishoni mwa Aprili kulikuwa ndiyo saa yenyewe, kabla kusi haijachacha.

Calicut nitaipita haraka, ingawa ina vichekesho vyake. Mtu wa kwanza aliyetumwa ufukweni alikutanishwa na Waislamu wawili wa Tunis waliojua Kihispania, wakamlaki kwa kumuuliza ni shetani gani aliyewaleta huku. Zawadi walizomwandalia Zamorin, mtawala wa bandari tajiri kuliko zote za pwani ile, zilikuwa vipande 12 vya kitambaa cha mistari, kofia sita, kofia nyingine nne nyekundu za kufunika kichwa chote, nyuzi nne za marijani, mabeseni sita ya kunawia mikono, sukari kasha moja, mafuta mapipa mawili na asali mapipa mawili. Maofisa wa Zamorin walicheka. Walisema mfanyabiashara fukara kabisa wa Makka hutoa zaidi ya hivyo. Biashara ikadorora, ukazuka ugomvi wa ushuru na wa watu kushikiliwa, na tarehe 29 Agosti 1498 Da Gama akaondoka kwa hasira, na Wahindi kadhaa aliowakamata wakiwa ndani.

Agosti! Ukimwambia nahodha yeyote wa jahazi la zamani kwamba kuna mtu aliondoka Malabar, pwani ya Calicut, Agosti, akaongeza siku kadhaa visiwani, kisha akashika njia ya Afrika tarehe 5 Oktoba, atakuuliza kama mtu huyo alikuwa anakimbizwa na polisi. Kaskazi haijaja. Kusi inakufa. Ni kujitosa kwenye malelezi kwa hiari yako, na bahari ikawafanyia kile inachomfanyia kila asiyesubiri: shwari za siku nyingi, halafu upepo wa mbele, halafu shwari tena. Kiseyeye kikawarudia, ufizi ukavimba ukafunika meno, miguu ikajaa maji. Walikufa 30, na wengine kama hao walikuwa wamekufa kabla. Kila merikebu ilibaki na watu saba au wanane wenye uwezo wa kufanya kazi. Mwandishi anasema manahodha walishakubaliana wakipata upepo wa kuwafaa warudi India. Na ukiisoma kwa jicho la Pwani unaona jambo ambalo yeye hakuliona: upepo uliowaokoa hatimaye ulikuwa kaskazi ileile ambayo, laiti wangeingoja bandarini wakila machungwa na kuku, ingewaleta Afrika kwa majuma machache wakiwa wazima.

Mtetezi wake atasema Calicut palikuwa hapakaliki tena. Sawa, lakini pwani ya India ina bandari nyingi zaidi ya Calicut, na Anjediva alikaa bila kufukuzwa na Zamorin. Atasema pia hakujua. Hilo ndilo ninalolisema mimi. Miezi mitano kabla alisafiri pamoja na mtu aliyejua, mbele yake kabisa. Alichukua siku 23 za mtu yule bila kuuchukua ujuzi wake, kwa kuwa machoni pake rubani alikuwa mali ya kushikiliwa na kuchapwa. Kumuuliza hakukumjia.

Tarehe 7 Januari 1499 walijikokota mpaka Malindi, baada ya kuupigia mizinga mji wa Mogadishu wakipita. Mfalme aliwapelekea kondoo na machungwa. Wagonjwa wengi walikufa hapo hapo hata hivyo. Da Gama aliomba pembe ya ndovu ya kumpelekea mfalme wake, na ruhusa ya kusimika nguzo ya jiwe iwe alama ya urafiki. Akapewa vyote. Wanaopiga picha leo kwenye ule mnara mweupe wenye msalaba juu ya mwamba wa Malindi wengi wao hudhani wanatazama alama ya ushindi. Ni alama iliyoombwa na wagonjwa.

Watu 55 hivi, kati ya wale 170, ndio waliofika Ureno. Paulo da Gama hakuwamo. Alifia visiwa vya Azores, na nakiri kwamba hapo namwonea Vasco huruma, maana aliacha merikebu iende nyumbani bila yeye ili abaki na kaka yake anayekufa.

Huruma hiyo haidumu ukifika mwaka 1502. Safari ya kwanza ni ya mtu asiyejua alipo. Ya pili ni ya mtu anayejua vizuri sana, na kwa hiyo ndiyo inayopaswa kumhukumu. Alikuja na merikebu karibu 20. Julai alikuwa Kilwa, mji ambao Ibn Battuta aliuona mwaka 1331 akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, mji uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala. Amiri Ibrahim alilazimishwa, chini ya mizinga, kukubali kuwa mtu wa mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya mithqali 1,500 za dhahabu, yaani zaidi ya kilo 6. Dhahabu hiyo haikupotea. Mfalme Manuel aliitengenezea monstransi, kile chombo cha Wakatoliki cha kuwekea Ekaristi ili iabudiwe. Fundi wake alikuwa Gil Vicente, ikakamilika mwaka 1506, na leo iko katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kale Lisbon. Ni kazi nzuri mno. Mitume 12 wamepiga magoti kwenye dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Kutoka hapo akaenda pwani ya India akaivizia merikebu iitwayo Miri, iliyokuwa inarudi kutoka Makka na mahujaji. Walikuwamo mamia ya watu, wanawake na watoto wengi. Matajiri waliokuwamo waliahidi fidia kubwa. Da Gama alichukua mali, akaamuru merikebu ichomwe na watu ndani yake. Kina mama waliinua watoto wao juu wakiomba rehema. Watoto wapatao 20 walitolewa ili wafanywe Wakristo. Waliobaki waliteketea. Nasikia ile hoja ya kwamba tusihukumu watu wa kale kwa maadili ya leo. Basi tumsikilize mtu wa jana: Thomé Lopes, Mreno, aliyekuwamo kwenye msafara na kuona kwa macho yake, aliandika kwamba siku ile hataisahau maisha yake yote. Mbele ya Calicut baadaye waliwanyonga watu, wakawakata viungo na kuvipeleka ufukweni.

Sidai kwamba kabla yake bahari hii ilikuwa pepo. Miji yetu ilipigana, iliuza watumwa, na maharamia walikuwapo toka zamani. Lakini hakuna mtawala aliyesema bahari yenyewe ni yake, na kwamba chombo kinachopita bila cheti chake ni halali kuporwa. Cheti hicho Wareno walikiita cartaz. Ukitafuta kitu ambacho Da Gama na wenzake walikileta kweli katika bahari yetu, kisichokuwapo kabla yao, ndicho hicho: baharia wa Mombasa au Gujarat kuomba ruhusa ya kupita katika maji ambayo mababu zake walipita bila kumuuliza mtu.

Yaliyofuata ni ya serikali na washairi. Mwaka 1519 alipewa ukabaila wa Vidigueira. Mwaka 1524 alitumwa tena India akiwa makamu wa mfalme, akafika Septemba, akafa Cochin tarehe 24 Desemba, miezi mitatu tu. Mshairi wa Kireno Camões alimtungia utenzi mkubwa, Os Lusíadas, uliotoka mwaka 1572, na sehemu kubwa yake ni Da Gama akimsimulia mfalme wa Malindi historia ya Ureno. Mfalme katika utenzi anasikiliza kwa adabu kurasa na kurasa. Siwa hazisikiki sana.

Mimi nikitaka kumkumbuka siendi Malindi wala Lisbon. Naenda kwenye miamba iliyo mbele ya Mtangata, upande wa Tongoni, kusini ya Tanga. Aprili 1498, wakienda, São Rafael ilipanda mwamba hapo kabla ya alfajiri, na maji yalipopwa ikakaa juu kavu. Wenyeji walikuja kwa mashua mbili, wakaleta machungwa ambayo mwandishi wa shajara anakiri ni matamu kuliko ya Ureno. Maji yalipojaa, merikebu ikaelea tena. Januari 1499, wakirudi, walisimama hapo hapo wakaitia moto São Rafael kwa mikono yao wenyewe, kwa kuwa watu waliobaki hai hawakutosha kuendesha merikebu tatu zilizobaki. Walikaa siku kadhaa wakihamisha vitu. Na watu wa Mtangata, wenye bahari yao, wakaja tena na mashua zao, wakawauzia kuku kwa mashati na bangili.